Mbele ya Nyumba Katika Nchi ya Jua Kali

Leo tutoke jikoni kidogo, tufungue mlango, tusimame mahali ambapo mgeni husimama kabla ya kubisha hodi. Tuone anachokiona.

Mama mmoja anayeishi Garissa ameniandikia barua. Anasema kila anaposafiri kwenda Nairobi huona nyumba zilizozungukwa na majani mabichi na maua ya kila rangi. Akirudi kwake hukuta mchanga, mawe, na takataka zilizoletwa na upepo. Amejaribu kupanda maua mara tatu, na mara tatu yamekauka. Anauliza, "Je, sisi tunaoishi nchi kavu tumenyimwa uzuri?"

Hapana, dada yangu. Hamkunyimwa. Lakini kabla sijakueleza la kufanya, niruhusu nikueleze kwanza nililofanya mimi, nikakosea.

Mimi nilizaliwa na kukulia Kakamega, ambako mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kwetu ukichomeka kijiti ardhini, baada ya wiki mbili kinachipua. Mama yangu alikuwa na uwanja wa majani mafupi mbele ya nyumba, na ua wa kaiyaba uliokatwa ukalingana kama meza. Basi nilipoolewa nilidhani ninajua nyumba ya mke mwenye bidii inavyopaswa kuonekana.

Mwaka 2009 Baba watoto, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alihamishiwa Lodwar, katika nchi ya Waturkana. Nami nikapata kazi ya uuguzi katika zahanati moja huko. Lodwar hupata karibu milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, yaani sehemu moja ya kumi ya mvua ya kwetu. Mchana joto hufika nyuzi 35 na kuzidi. Tena mwaka ule ulikuwa wa ukame mkali.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na mti mmoja tu mbele, mgunga mkubwa wenye matawi yaliyotandazwa kama mwavuli. Waturkana huuita ewoi. Chini yake palikuwa pamekanyagwa pakawa pagumu, kwa sababu akina mama waliotoka kuteka maji mto Turkwel, au waliokuwa wakipeleka makaa na kuni mjini, walizoea kuweka mizigo yao hapo na kupumzika. Mimi sikuuliza. Niliona tu uwanja wangu umechafuliwa.

Niliagiza gunia mbili za majani ya kupanda kutoka Kitale. Nikapanda kipande cha mita tano kwa sita. Ili yasikanyagwe, nikazungusha seng'enge kuanzia ukutani hadi nyuma ya ule mti. Kila asubuhi na jioni kijana wa mkokoteni aliniletea maji. Majani yalishika! Kwa miezi miwili nilikuwa na uwanja wa kijani ambao watu walisimama njiani kuutazama, nami nilijivuna kabisa.

Siku moja saa nane mchana nilikuwa nimerudi kutoka zamu nikasikia watoto wanapiga kelele nje. Nikakuta mama mmoja kijana ameanguka kando ya seng'enge, gunia la makaa likiwa karibu naye. Alikuwa na mimba ya miezi saba hivi. Ngozi yake ilikuwa ya moto, na maneno yake hayakueleweka. Tulimbeba mpaka chini ya mti, tukamlaza kwa ubavu, tukamlowesha mwili kwa maji na kumpepea kwa kanga mpaka gari likapatikana la kumpeleka hospitali. Namshukuru Mungu, alipona, na baadaye akajifungua salama.

Lakini sikulala usiku ule. Kivuli kilikuwa hatua kumi kutoka pale alipoanguka. Kilikuwa ndani ya ua wangu.

Kesho yake mama mmoja mzee, jirani yetu, alikuja kunijulia hali. Alitazama majani, akatazama seng'enge, kisha akasema kwa upole, "Daktari," maana kule kila muuguzi huitwa daktari, "majani yako ni mazuri. Lakini hapa kwetu kivuli hakifungwi."

Jioni ile nilimwuliza Baba watoto anisaidie hesabu. Majani yale yalitaka maji yenye kina cha milimita tano kila siku. Kipande cha mita tano kwa sita ni mita thelathini za mraba. Hiyo ni lita 150 kwa siku, yaani mitungi saba na nusu ya lita 20. Nilinyamaza. Mimi ndiye niliyefundishwa kwamba katika shughuli za misaada kiwango cha chini cha maji ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kunywa, kupika na kuoga pamoja. Majani yangu yalikuwa yanakunywa maji ya watu kumi, na nje ya seng'enge akina mama walikuwa wakitembea juani kutafuta mtungi mmoja.

Tuliing'oa seng'enge Jumamosi iliyofuata. Majani yalikufa kwa muda wa majuma mawili, nami sikuyalilia. Tangu hapo nilianza kujifunza upya, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa yule mama mzee. Alinifundisha kwamba katika nchi kavu uzuri wa mbele ya nyumba huanza na kivuli, wala si majani. Haya ninayowaandikia yametokana na mafunzo yake, pamoja na makosa yangu mengine mengi.

ANZA NA UFAGIO NA MAWE

Kabla ya kununua mche wowote, safisha. Nchi kavu haifichi kitu. Kule kwetu takataka humezwa na majani, lakini jangwani kopo moja huonekana kutoka mbali. Ondoa mabati ya zamani, mbao, matofali na marundo ya kuni yaliyo karibu na mlango, maana humo ndimo nge na nyoka hujificha wakikimbia jua. Vaa viatu vilivyofunika mguu, na geuza kila kitu kwa fimbo kwanza, si kwa mkono.

Fagia alfajiri, upepo ukiwa bado umetulia, na unyunyize maji kidogo ili vumbi lisipande vifuani na machoni mwa watoto. Kisha tengeneza njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni. Panga mawe pande zote mbili, na katikati mwaga changarawe au mchanga mnene kutoka kwenye laga. Changarawe hutuliza vumbi, na mvua ikija njia haigeuki tope. Mawe ukiyapaka chokaa yanapendeza sana jioni. Ukiweza, paka na ukuta wa mbele rangi nyeupe, kwa sababu ukuta mweupe hurudisha jua na nyumba hupata nafuu ya joto. Ila chokaa huunguza macho. Watoto wawe mbali unapoikoroga.

Mambo haya yote hayataki hata mtungi mmoja wa maji kwa juma, na tayari nyumba imebadilika.

KIVULI KWANZA

Kama una mti wa zamani mbele ya nyumba, usiukate. Mgunga kama ule wetu huchukua miaka mingi kukua, na maganda ya mbegu zake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Waturkana hulinda miti ya namna hiyo sana. Kandokando ya mito familia huwa na sehemu zao za miti wanazoziita ekwar, na mtu wa nje hawezi kukata huko bila ruhusa ya wenyewe.

Kama huna mti, panda mmoja, si kumi. Mti mmoja unaotunzwa vizuri ni bora kuliko kumi inayokufa. Upande upande wa magharibi wa uwanja, mita nne au tano kutoka ukutani, ili ukuzuilie jua la alasiri ambalo ndilo kali zaidi. Mwarobaini hukua upesi na hustahimili ukame, na katika miji mingi ya kaskazini ndio unaowapa watu kivuli. Mgunga na mswaki huchelewa zaidi, lakini ni wenyeji wa pale na wanajua kuishi na kidogo.

Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyokaa ikaoza, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Panda jioni, mvua za Aprili zinapoanza. Acha uso wa shimo uwe chini kidogo kuliko ardhi, kama sahani, ili tone lolote la mvua likimbilie hapo. Tandaza majani makavu au mawe madogo juu ya udongo kuzuia unyevu usipotee. Kisha zungusha matawi ya miiba, la sivyo mbuzi watakushukuru kwa chakula cha jioni.

Wakati mti unakua, usikae juani ukiusubiri. Simika miguu minne ya mti mbele ya baraza na uezeke kwa majani ya mkoma. Akina mama wa Turkana ni mafundi wakubwa wa kusuka majani hayo, na ukinunua kwao unawasaidia kulisha watoto wao.

Neno moja kuhusu mathenge. Mti huu wa kigeni ulipandwa sehemu kavu za Kenya katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ukaenea kuliko walivyotarajia, ukaziba njia na malisho, na miiba yake huleta majeraha mabaya. Maganda yake yana sukari nyingi, nayo huharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walipoishtaki serikali, walimpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno kama shahidi! Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa mmea haribifu. Usiupande kuwa ua wa nyumba, hata kama unaota bila kubembelezwa. Na mtoto akichomwa na mwiba wake, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha umpeleke zahanati akaangaliwe kama amepata chanjo ya pepopunda.

MAJI YAFANYE KAZI MARA MBILI

Mimi sasa simwagilii mmea wowote maji ambayo hayajafanya kazi nyingine kwanza. Maji ya kuoshea mchele na mboga, maji ya kusuuzia nguo, maji ya kuogea watoto, yote huenda kwenye mti. Yamwage kwenye udongo, si juu ya majani, na usiyaweke yakalala. Mara moja moja mpe mti maji safi ili chumvi ya sabuni isijikusanye. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, na maji ya kufulia nepi, usiyatumie kabisa. Wala usimwagilie maji ya sabuni mboga zinazoliwa mbichi.

Njia nyingine ni ya chungu. Tafuta chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kizike karibu na mmea mpaka shingoni, mdomo ukiwa nje. Kijaze maji na ukifunike kwa jiwe bapa. Maji hupenya polepole kwenye kuta za chungu, na mizizi huyafuata. Hakuna kinachopotea juani, nawe unajaza tena baada ya siku kadhaa tu. Njia hii si ngeni. Wachina waliiandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Na mvua je? Hata jangwani hunyesha, tena kwa ghafla. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha alasiri moja, linakupa karibu lita 800. Hiyo ni mitungi 40 ambayo wengi wetu tunaiacha ikimbie barabarani! Weka mfereji na tangi ukiweza. Usipoweza, chimba tu mfereji mdogo ardhini uongoze maji ya paa mpaka kwenye shina la mti.

MAUA YA KUPENDA NA YA KUOGOPA

Sisemi msipande maua. Boganvilia likishashika mizizi hustahimili kiangazi na hutoa maua mengi hasa likikosa maji. Shubiri hupendeza likipangwa kati ya mawe, na karibu halitaki kitu. Mkonge-mwitu hufaa kando ya njia. Waridi la jangwani, lenye shina nene kama chupa na maua mekundu, ndilo malkia wa nchi kavu.

Lakini mimi ni muuguzi, kwa hiyo sikilizeni. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu. Watu wa kale waliutia kwenye mishale. Oleanda, ule mti mdogo wenye majani membamba marefu na maua ya waridi au meupe, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, kuanzia jani mpaka ua. Mnyaa, ambao wengi huutumia kuwa ua wa nyumba, una maziwa yanayoweza kupofusha jicho. Nyumba yenye watoto wadogo isiwe na oleanda wala mnyaa. Waridi la jangwani liwekwe mahali pasipofikiwa na mtoto.

Maziwa ya mnyaa yakimwingia mtoto machoni, usipake kitu chochote. Fungua jicho na uoshe kwa maji safi yanayotiririka, usichoke, kwa robo saa au zaidi, kisha hospitali. Mtoto akitafuna jani la oleanda, chukua tawi lake na mtoto pamoja, mkimbie hospitali mara moja. Usingoje atapike.

UWANJA MZURI NI UWANJA WENYE AFYA

Mgeni haoni mambo manne nitakayoyataja sasa, lakini bila hayo mawe meupe ni bure.

Kwanza, mbwa. Turkana ilijulikana kuwa miongoni mwa sehemu zilizosumbuliwa zaidi duniani na ugonjwa wa haidatidi, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuudhibiti huko. Mayai ya mnyoo wa mbwa hutoka na kinyesi chake. Mtoto anayecheza mchangani huyameza, na baada ya miaka hupata uvimbe wa maji katika ini au mapafu unaoweza kuhitaji upasuaji. Zoa na kuzika kinyesi cha mbwa kila siku, mpe mbwa dawa ya minyoo, na usimpe matumbo mabichi ya mifugo iliyochinjwa. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Pili, nzi. Nzi wanaosambaza trakoma, yaani ugonjwa wa vikope, huzaliana katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi. Choo kizuri nyuma ya nyumba ni sehemu ya uzuri wa mbele. Kila asubuhi muoshe mtoto uso. Kikombe kimoja cha maji kinatosha.

Tatu, mbu. Msiseme jangwani hakuna malaria. Mwaka 2022 mbu aitwaye Anopheles stephensi alipatikana Marsabit kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Huyu hupenda kuzaa katika matangi na mapipa ya maji ya nyumbani. Funika tangi, pipa na kile chungu ulichozika.

Nne, nyoka. Usiku usitembee uwanjani bila taa na viatu. Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana damu. Mtulize, asitumie kiungo kilichoumwa, mpeleke hospitali upesi.

Ndugu zangu, leo mbele ya nyumba yetu hakuna hata jani moja la Kitale. Kuna njia ya changarawe, mawe meupe, shubiri kumi na mbili, boganvilia moja mlangoni, na ule mgunga. Chini yake Baba watoto alitengeneza benchi mbili za mbao. Pembeni kuna chungu cha maji ya kunywa, kimefunikwa, na kikombe chenye mpini mrefu cha kuchotea. Akina mama wenye mizigo wamerudi kupumzika. Alhamisi jioni wanawake wa kanisa hukutana hapo, na baada ya maombi mara nyingi tunapima watoto uzito kwenye mizani iliyoning'inizwa tawini.

Yule mama kijana wa makaa hupita bado. Mwanawe sasa ni mvulana mkubwa wa shule, na akipita huketi kwenye benchi bila kubisha hodi, kama kwao.

Basi, mama wa Garissa, kazi yako ya mwezi huu ni ndogo. Usinunue ua hata moja. Fagia, panga mawe, chagua mahali pa mti mmoja, kisha saa nane mchana simama mlangoni uone ni nani anapita juani mbele ya nyumba yako. Hapo ndipo utajua benchi likae wapi.

Mpaka mwezi ujao, kaeni salama.